Shamba likizungukwa na ploti: mwongozo kwa mkulima wa Malindi

Ukitoka mjini Malindi kuelekea Ganda na Kijiwetanga, au ukishika barabara ya Mombasa hadi Msabaha na Gede, utaona mahindi na mihogo upande mmoja wa ua, na upande wa pili kuta za mawe ya matumbawe zinazopanda kila mwezi. Wakulima wengi hudhani ugomvi na majirani wapya huanzia kwenye harufu ya samadi au jogoo anayewika alfajiri. Hayo huisha kwa mazungumzo. Yanayomwangusha mkulima ni matatu: mpaka, njia na maji ya mvua. Yote matatu hurekebishika kwa gharama ndogo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Ukuta ukishasimama, gharama yake ni wakili.

Unalima kwa haki gani?

Anza hapa, maana hatua utakazochukua zinategemea jibu la swali hili.

Ikiwa una hati miliki kwa jina lako, nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi, yaani upekuzi wa rejista, leo, hata kama hakuna mtu anayekusumbua. Matokeo yakuonyeshe jina la mwenye ardhi, ukubwa, na vizuizi vyovyote vilivyoandikwa. Rudia kila mwaka. Ardhi iliyouzwa kwa hati bandia hugunduliwa mapema na yule tu aliye na tabia ya kuangalia.

Ikiwa hati bado ina jina la babu aliyefariki, hapo ndipo hatari kubwa zaidi ilipo, kuliko hata mjenzi mwenye tingatinga. Mrithi mmoja anaweza kukaa na dalali mjini, akapokea pesa za ploti mbili, na mnunuzi akaanza kumwaga mchanga kabla ndugu hawajajua. Kuuza mali ya marehemu kabla ya mahakama kutoa idhini ya urithi ni kosa chini ya Sheria ya Urithi, lakini kosa hilo halikurudishii shamba lenyewe kwa haraka. Fungueni mirathi. Waislamu wanaweza kwenda kwa Kadhi hapo Malindi. Wengine waende mahakama ya kawaida na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Wakati mirathi inaendelea, mrithi yeyote anaweza kuomba kosheni, yaani zuio, iwekwe kwenye rejista ili ardhi isihamishwe kimyakimya. Tahadhari: anayeweka kosheni bila sababu ya maana anaweza kudaiwa fidia. Usiitumie kumkomoa shemeji.

Ikiwa unalima kwenye ardhi ya mtu mwingine kwa kulipa ijara, au kwa ruhusa ya mwenyewe, tunza kila risiti, lakini usidanganywe na wanaosema ukikaa miaka 12 shamba ni lako. Madai ya miaka 12 husimama pale tu ulipokaa waziwazi, mfululizo, bila ruhusa ya mwenye ardhi. Ijara ni ruhusa. Kilicho chako ni miti na mazao uliyopanda, kulingana na mlivyopatana. Pwani si ajabu ardhi kuwa ya mmoja na minazi ya mwingine, kwa hiyo andika hesabu ya minazi, mikorosho na miembe yako, mkulima na mwenye ardhi mtie sahihi mbele ya mzee wa mtaa, kabla ardhi haijatafutiwa mnunuzi. Akishanunua mtu wa Nairobi aliyekuja na picha za nyumba kwenye simu, hatakumbuka mapatano ya mdomo.

Na ikiwa umekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi asiyeonekana, bila ruhusa wala ijara, kwa zaidi ya miaka 12, unaweza kupeleka ombi kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Malindi. Utahitaji nakala ya rejista inayoonyesha mwenye ardhi, pamoja na ushahidi wa kukaa: makaburi ya wazee, kisima cha zamani, miembe yenye shina lisilokumbatika, picha zenye tarehe, na majirani watakaoapa. Ardhi ya serikali haidaiwi kwa njia hii hata ukikaa miaka 50.

Mpaka: bikoni kabla ya ua

Mashamba mengi yaliyopimwa kwa mipaka ya jumla yana ramani inayoonyesha mstari kwa makadirio tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inasema wazi kwamba mpaka wa aina hiyo si wa uhakika hadi upimwe na kuandikwa kuwa umewekwa rasmi. Ndiyo maana futi tatu zinaweza kuzua vita vya miaka kumi.

Fanya hivi. Nunua nakala ya ramani ya eneo lenu. Tembea mpaka wote ukiwa na jirani na mzee wa mtaa, mkitafuta bikoni, yaani alama za mpima kwenye kona za shamba. Palipo na bikoni, fyeka pembeni yake, ipake chokaa, upige picha inayoonyesha bikoni pamoja na kitu kisichohama, kama mbuyu au nguzo ya umeme. Isipopatikana, usiweke jiwe lako mwenyewe. Kuhamisha au kuharibu alama ya mpaka ni kosa la jinai, na jiwe ulilozika kwa nia njema litakufanya uonekane mwizi. Tafuteni mpima ardhi mwenye leseni, mgawane gharama. Jirani akikataa kuchangia, lipa peke yako ikiwa unaweza. Ni bei ndogo kuliko kesi.

Mkishindwa kukubaliana, usikimbilie mahakamani. Kwa ardhi iliyosajiliwa, mahakama haitasikiliza mgogoro wa mpaka kabla msajili wa ardhi hajaupitia. Mwandikie msajili ukitaja nambari za vipande vyote viwili, eleza mgogoro kwa sentensi chache, omba aje na mpima. Atatoa notisi kwa pande zote, atafika shambani, ataandika uamuzi. Siku hiyo uwe na watu wawili wanaojua mpaka wa zamani. Usije na kundi la vijana; fujo huahirisha kazi, na kuahirisha kunamfaidi anayejenga.

Ua wa miti upandwe nusu mita ndani ya mpaka wako. Mnyaa hushika vizuri kwenye mchanga wetu na mbuzi hawauli, ila utomvu wake ukiingia machoni ni hatari, kwa hiyo usiupande karibu na njia ya watoto wa shule. Mbono nao unafaa. Acha bikoni zionekane nje ya ua. Ukipanda ua mita mbili ndani na kuzisahau bikoni, baada ya miaka michache jirani atauita ua huo ndio mpaka, na akizungushia ukuta kipande hicho kwa miaka 12 bila wewe kusema neno, anaweza kukidai.

Hesabu ya dalali na barabara inayokosekana

Hili halielezwi vya kutosha, nalo ndilo chanzo cha njia za mashamba kuliwa.

Ekari moja ina futi mraba 43,560. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000. Dalali akisema ekari ya jirani yako imetoa ploti nane, amekwisha tumia 40,000. Zimebaki 3,560. Ukizinyoosha ziwe njia kutoka upande mmoja wa ekari hadi mwingine, karibu futi 209, unapata njia ya futi 17, yaani mita 5 na kidogo. Barabara ya mita 9, ambayo maofisa wa mipango hutaka mara nyingi, ingekula zaidi ya futi mraba 6,000. Kwa hiyo ama ploti ni ndogo kuliko zilivyotangazwa, ama barabara itatafutwa kwenye ukingo wa shamba lako. Mara nyingi huanza na lori moja la mchanga linaloomba kupita mara moja tu. Kisha mihogo inakanyagwa, kisha njia inapata jina.

Ukisikia shamba la jirani linakatwa, omba kuona mchoro wa mgawanyo kabla haujapelekwa ofisini. Angalia ploti za nyuma zinatokea wapi. Ikiwa mishale ya barabara inaishia kwenye mpaka wako, mwandikie mwenye ardhi na mpima wake kwamba hujatoa njia, nakala kwa bodi ya udhibiti wa ardhi inayokaa chini ya naibu kamishna wa kaunti. Kugawa ardhi ya kilimo kunahitaji idhini ya bodi hiyo, na barua iliyofika kabla ya kikao ina uzito ambao malalamiko ya baadaye hayana. Ukikubali lori lipite, andika kwenye karatasi: njia ya muda, kuanzia tarehe fulani hadi fulani, malipo kadhaa, na kwamba haizai haki yoyote. Mpitaji atie sahihi.

Upande wa pili wa sarafu hiyo: njia yako wewe. Ikiwa umepitisha ng'ombe na mkokoteni kwenye ardhi ya jirani, waziwazi na bila kuzuiwa, kwa miaka 20 mfululizo, sheria inaweza kukutambulia haki ya kupita. Kusanya mashahidi kabla ukuta haujafunga. Shamba lako likibaki bila njia kabisa, mahakama inaweza kutoa amri ya njia kupitia ardhi ya mwingine, lakini utalipia fidia.

Tangazo la ujenzi

Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayetaka kujenga au kubadili shamba kuwa makazi lazima apate kibali cha kaunti, na umma uarifiwe ombi hilo. Ubao unaosimikwa kwenye ploti si pambo. Upige picha siku unapouona, hakikisha tarehe na nambari ya kipande vinasomeka, na uhesabu siku zilizoandikwa humo.

Barua ya pingamizi iende kwa afisa wa mipango wa kaunti, nakala kwa Manispaa ya Malindi ikiwa uko ndani ya mipaka yake. Ukurasa mmoja unatosha. Andika nambari ya shamba lako na ya ploti, umbali kati yake, na madhara yanayopimika: maji yatapita wapi, choo kitakuwa mita ngapi kutoka kisimani, lori litapita njia gani. Usiandike kwamba hutaki wageni. Sentensi hiyo moja huifanya barua nzima kutupwa. Pendekeza masharti badala ya kukataa tu: mfereji wa maji upande wa ukuta, choo kisogezwe, ukuta uachwe mita moja kutoka mpakani. Afisa huona urahisi kuandika sharti kuliko kukataa kibali. Peleka nakala mbili. Yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kibali kikitolewa usiporidhika, una siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya uwiano ya mipango ya kaunti (liaison committee). Ukichelewa, umepoteza nafasi hiyo. Kama mradi ulipewa leseni ya mazingira na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, rufaa ni kwa baraza la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60. Na anayejenga bila kibali kabisa ashtakiwe kwa kaunti, ambayo inaweza kumpa notisi ya kusimamisha kazi. Kosa hilo lina faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili.

Maji ya mvua

Paa la mita mraba 100 likinyeshewa milimita 50 humwaga lita 5,000. Nyumba nane ni lita 40,000 kwa mvua moja ya masika, na hayo ni maji ambayo zamani yalinywewa na mchanga. Ukuta usio na matundu huyakusanya na kuyatoa pembeni kwa nguvu, moja kwa moja kwenye tuta lako la nyanya.

Kwanza zungumza na jirani kuhusu tangi. Watu wa Malindi wananunua maji kila mabomba yanapokauka; mwenye nyumba akipigiwa hesabu ya lita 5,000 zinazopotea, husikia haraka kuliko akilalamikiwa mafuriko.

Kisha chimba mtaro wa kinga upande wa juu wa shamba, mita moja kutoka mpakani. Kina sentimita 60, upana wa juu 90, wa chini 30. Kuta zake zilale. Mchanga wetu haukubali ukuta wa wima, utabomoka mvua ya kwanza. Mita 20 za mtaro kama huo hubeba lita 7,200 zikijaa. Udongo utupe upande wa chini, ushindiliwe, upandwe mabingobingo, ambayo pia ni chakula cha ng'ombe. Mtelemko uwe sentimita 5 kwa kila mita 10. Ukizidisha, maji yatakata mchanga na mtaro utageuka korongo; ukipunguza, utajaa tope kabla masika hayajaisha. Pima kwa mpira wa maji wanaotumia mafundi wa ujenzi: mpira unaoonyesha ndani, ujazwe maji, ncha mbili zishikwe kwenye vijiti viwili. Kipovu kimoja cha hewa ndani ya mpira hupotosha kipimo chote, kwa hiyo ukague kwa urefu wake kabla ya kila kipimo.

Mwisho wa mtaro uwe ndani ya shamba lako, kwenye shimo la migomba. Ukiuelekeza kwa jirani wa chini, umehamisha kesi tu.

Kuhusu kisima: choo cha shimo au tangi la maji taka likae angalau mita 30 kutoka kisimani, na kwenye miamba ya matumbawe dai mita zaidi, kwa sababu nyufa za jiwe hupitisha uchafu bila kuuchuja. Kila nyumba mpya yenye kisima chenye pampu huvuta maji baridi juu, na ya chumvi hufuata kutoka chini. Onja, na andika tarehe ladha inapobadilika.

Dawa, samadi na minazi

Wapo wakulima wanaoamini kwamba kwa kuwa walitangulia, jirani hana haki ya kulalamika. Sivyo. Kutangulia hakumzuii mtu kudai kero, na afisa wa afya ya umma anaweza kukupa notisi hata kama shamba ni la tangu enzi za babu. Ukipewa notisi, timiza ndani ya muda uliotajwa, umwite akague, upate maandishi. Ukibishana kwa mdomo, utakutana naye mahakamani.

Dawa ipigwe mapema asubuhi, kabla upepo wa bahari haujainuka, lakini si hewa ikiwa imetulia kabisa, maana matone madogo huelea na kwenda popote. Upepo mwepesi unaotoka kwenye nyumba kuja shambani ndio unaofaa. Wakati wa kaskazi, nyumba za kusini-magharibi mwa shamba ndizo zinazopokea dawa. Wakati wa kusi ni zile za kaskazini-magharibi. Acha mistari ya mwisho, mita 3 hadi 5 kutoka mpakani, bila kupigwa, au ipige siku nyingine. Tumia nozeli ya matone makubwa, na usipampu kwa nguvu ukifika pembeni. Tuma ujumbe jana yake:

"Salaam jirani. Kesho saa 12 hadi saa 2 asubuhi tutapiga dawa kwenye nyanya. Tafadhali anueni nguo, funikeni maji, watoto wasicheze karibu na ua hadi mchana. Shukrani."

Ujumbe huo una kazi ya pili: ni ushahidi kwamba uliarifu.

Samadi mbichi ndiyo inayoleta nzi. Kwa joto letu, yai la nzi huwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10, kwa hiyo geuza lundo kila siku 4 au 5, ndani kuje nje, na ulifunike kwa udongo mkavu au makuti. Lundo likae katikati ya shamba, si kwenye ukuta wa mtu, hata kama mkokoteni unafika hapo kwa urahisi. Majani makavu usiyachome jioni ambapo moshi hutambaa chini. Yaoze ndani ya lundo hilohilo.

Minazi iliyo karibu na mabati ya watu iangushwe nazi kila miezi miwili au mitatu, na makuti makavu yaondolewe na mkwezi. Nazi moja ikitoboa bati, umelipa zaidi ya ujira wake wa mwaka. Mnazi mpya upandwe mita 6 ndani ya mpaka.

Notisi ya kuondoka, au tingatinga likiingia

Mwenye ardhi binafsi anayetaka kukuondoa lazima akupe notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu. Hiyo ni sheria tangu marekebisho ya 2016. Usiichane wala usiikatae kwa kukimbia. Ipokee, andika tarehe na aliyeileta, na uende mahakamani kabla muda haujaisha kuomba isitishwe, ibadilishwe au uongezewe muda.

Mashine ikiingia bila notisi, usisimame mbele yake. Piga picha na video za nambari ya gari, dereva, na mazao kabla na baada. Nenda kituo cha polisi siku hiyohiyo upate nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Kisha mwite afisa wa kilimo wa wadi aje kukadiria hasara kabla hujafyeka wala kupanda upya: aina ya zao, umri, idadi ya miti, eneo lililoharibiwa. Mkorosho unaozaa na mche wa mwaka mmoja havina thamani sawa, kwa hiyo hakikisha umri umeandikwa. Vishina viache ardhini hadi amalize kuhesabu. Mti uliong'olewa na kupelekwa kuni haufidiwi na mtu.